Jalada la Baba Lililofunguliwa Ugenini

Mwili wa mdogo wangu ulikuwa juu ya lori la pamba, umeviringishwa blanketi mbili na turubai. Baba mdogo alikuwa amesimama kwenye mlango wa ua wa minyaa wa mji wa baba yetu, mikono nyuma. Hakuja kutupokea, wala hakuvua kofia. Alisubiri dereva azime injini, kisha akasema, "Huyo hazikwi hapa."

Nilidhani anasema habari ya mahali pa kaburi. Kwetu mwenye mji ndiye anayeonyesha mahali, na baba yetu alikuwa ameshakufa, kwa hiyo mwenye kuonyesha ni yeye. Nikamwambia, "Shikamoo, baba. Onyesha unapotaka, sisi tutachimba."

"Sijasema mahali. Nimesema hapa hazikwi. Mpelekeni kwa wajomba zake. Mahakama ilishaamua kwamba ninyi si wa mji huu."

Mama alikuwa juu ya lori, kichwa cha mwanawe kiko mapajani mwake tangu tulipotoka machimboni Bulyanhulu. Hakushuka. Akasema kutoka hukohuko juu, "Shemeji, huyu nilimzalia nyumba ile yenye bati, na wewe ulikuwa hapohapo uani unachuna mbuzi."

"Kuzaa ulizaa, mama. Kuolewa hukuolewa."

Wanawake waliokuwa wameanza kulia walimgeukia mama. Mwenyekiti wa kijiji alikuwepo, amekaa kwenye kigoda chini ya ukuta wa ghala, anatazama viatu vyake. Sikuelewa. Mahakama gani? Iliamua lini? Dereva, ambaye si mtu wa kwetu hata kidogo, ndiye aliyesema, "Jamani, maiti ina siku ya pili na jua ni hili. Nionyesheni huko kwa wajomba ni wapi." Tukageuza lori. Mdogo wangu akazikwa kwa kina mama, pembeni ya shamba la mtama, kama mtoto asiye na baba.

Majina yao siyaandiki. Watu wa kwetu wakisoma hapa watawajua bila kuambiwa: baba mdogo, mwenyekiti yule, na karani mmoja wa upande wa Geita nitakayemfikia.

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne. Baba alikuwa kazini mgodini Geita tangu enzi za mkoloni, na mgodi ulipofungwa akarudi Kishapu na baiskeli, sanduku la chuma na kifua kibovu. Alichopata kwa miaka yote ile alikuwa amekigeuza kuwa nyumba ya bati na ng'ombe. Alilima pamba, na alikufa mwaka wa vita vya Kagera, akiwa amelala kitandani kwake Kishapu, mimi nimemshika mguu. Nalisema hili la kitandani kwa sababu baadaye lilikuja kuandikwa vingine.

Baada ya matanga baba mdogo alituita, mimi na mdogo wangu, akasema mambo ya ng'ombe tumwachie yeye. Tulikubali. Hapa ndipo lilipo kosa letu, nami silikwepi. Kwetu baba mdogo ni baba. Humwambii baba yako, nionyeshe karatasi. Ukimwambia hivyo umemtukana, na watu watakuuliza kama una akili. Basi hatukuuliza. Nilipotaka maksai wawili wa kulimia, aliniambia ng'ombe amewagawa kwa watu wa mbali wamchungie, jambo ambalo kila mwenye ng'ombe wengi kwetu hulifanya, ili ugonjwa ukiingia zizi moja usimalize wote. Mwaka wa pili nikaomba tena. Akasema hao wa mbali wamehama kufuata malisho. Mdogo wangu akacheka: "Kaka, hao ng'ombe wana miguu kuliko swala." Lakini alicheka akiwa hana shamba la kulima wala mahari ya kuolea, na ndiyo maana alikwenda kwenye dhahabu.

Nikamfuata. Tulichimba duara moja, yaani shimo la kushuka kwa ngazi, watu sita. Siku lilipoporomoka mimi nilikuwa kwenye ngazi naleta matimba, yaani miti ya kuzuia ukuta, na yeye alikuwa chini anapasua mwamba. Mimi nilifukiwa mpaka kifuani wakanichomoa na mbavu mbili zimevunjika. Yeye walimtoa kesho yake. Sitaongeza hapo.

Tulipomaliza kumzika nikamuuliza mama, "Mahakama iliamua nini?" Akasema yeye hajaitwa mahakama yoyote tangu ujana wake. Nikaona kwamba kama ni kweli mahakama iliamua, basi kuna mahali pameandikwa, na kama pameandikwa nitapasoma, hata kama nasoma kwa kidole.

Nilianza na mahakama ya mwanzo ya karibu na kwetu, mbavu bado zinauma. Karani wa pale alikuwa mtu mzima, mpole. Akaniuliza, "Namba ya shauri?" Sina. "Mwaka?" Sijui, ila ni baada ya vita. Akaniambia mirathi ina daftari lake, na kwamba mtu wa kawaida ana haki ya kuomba litazamwe, mradi aandike barua. Niliandika barua ya kwanza maishani mwangu ambayo si ya posa wala ya msiba. Akapitisha kidole miaka minne yote tangu vita, ukurasa kwa ukurasa, mimi nimesimama. Jina la baba halimo. "Jaribu Shinyanga mjini," akasema. "Kuna watu hufungua huko."

Shinyanga nilikwenda mara tatu. Mara ya kwanza mwenye ufunguo wa masjala alikuwa msibani. Mara ya pili walitafuta, wakaleta jalada la mtu mwingine kabisa, marehemu mwalimu. Mara ya tatu wakaniambia kwa ukali kwamba haliko na niache kuwasumbua.

Nililipata kwa mdomo wa mwenyekiti. Tulikutana mnadani, siku ya soko, amekula nyama na kunywa, anafurahi na wenzake. Akaniita mbele ya watu.

"Wewe mchimbaji! Nasikia siku hizi unachimba Shinyanga."

"Natafuta jalada la baba, mzee."

"Utachimba pale mpaka uote mvi. Baba yako alikuwa mtu wa mgodini, si wa Shinyanga!" Wenzake wakacheka. Yeye akacheka, halafu akaacha ghafla, akajifanya anatafuta kiberiti. Nikamshukuru kwa heshima zote nikaondoka.

Mahakama yenyewe siitaji. Iko upande wa Geita, mwendo wa siku mbili kwa malori ya kuunga kutoka kwetu. Jengo la bati, benchi moja nje, na ubao wa matangazo uliojaa matobo ya misumari. Karani wa pale alikuwa kijana wa rika langu, shati lake zuri, kalamu mbili mfukoni.

"Namba ya shauri?"

"Sina. Ninalo jina la marehemu na jina la msimamizi."

Safari hii daftari lilijibu upesi. Jina la baba lilikuwa hapo, kwa wino wa bluu. Akaingia ndani, akatoka na jalada jembamba kama mkate wa chapati. Akalifungua upande wake.

"Wewe ni nani kwa marehemu?"

"Mtoto wake. Wa kwanza."

Akasoma kidogo. Akanitazama, akarudi kusoma. "Hapa marehemu hana mtoto," akasema.

Nikamwomba anisomee. Akasema jalada halisomwi bure bure mlangoni. Ukitaka nakala uandike barua, ulete na karatasi zako na kaboni, serikali haina. Kweli miaka ile haikuwa nayo, hata sabuni ilikuwa ya foleni. Nikaenda kwenye duka la Mhindi mmoja mzee, Mwislamu, rafu zake zina chumvi na betri basi.

"Karatasi hakuna," akaniambia kabla sijafika kaunta. "Kaboni hakuna. Sukari hakuna. Mimi tu ndiyo nipo, tena sina kibali."

Nikamweleza shida yangu, kwamba ni habari ya baba yangu aliyekuwa mgodini. Akauliza jina. Akafikiri. "Mrefu? Anakohoa? Ananunua kanga, anasema ya mke wangu, nipe isiyochuja?" Nikasema huyo. Akavuta daftari jipya chini ya meza, akakata kurasa kumi kwa kisu, akaongeza kipande cha kaboni kilichokwisha kutumika upande mmoja. "Mwambie karani mistari asiitazame."

Karani alinakili kwa mkono wake, siku mbili. Sikupata muhuri, alisema hakimu mwenye muhuri yuko likizo, nichukue hiyo kwanza. Nikaisoma nimekaa kwenye benchi lile la nje.

Maombi ya baba mdogo yalikuwa ya kwanza. Yalisema makazi ya mwisho ya marehemu yalikuwa Geita, alikokaa tangu enzi za mgodi mpaka kufa kwake. Barua ya mwenyekiti wetu ilikuwa ya pili, nayo ilithibitisha hivyohivyo: marehemu alihama kijiji zamani. Mtu aliyekufa nikimshika mguu Kishapu! Ya tatu ilikuwa muhtasari wa kikao cha ukoo, kikao ambacho mimi wala mama hatukukijua, nao una alama ya dole gumba la wazee wawili. Mmoja wao najua alikuwa kipofu. Na humo ndimo ulimokuwa mstari ule. Ulisema marehemu hakuoa, bali alikaa na mwanamke bila kumtolea mahari, na kwa mila watoto wawili waliozaliwa ni wa ukoo wa mama yao, hawana fungu. Chini, kiapo cha baba mdogo kwamba hayo yote ni kweli tupu.

Nilirudi ndani kwa karani.

"Hii ilitangazwa?"

"Ilitangazwa. Siku zote zinazotakiwa. Hakuna aliyeleta pingamizi."

"Ilitangazwa wapi?"

Akaonyesha kwa kalamu yake. Ubao ule wa nje.

"Sasa mtu wa Kishapu angeusomaje ubao huu?"

"Mimi nitajuaje kama kuna mtu wa Kishapu?" akasema. "Imeandikwa marehemu hana watoto. Asiye na watoto anatangaziwa nani?"

Nilimwona wakati ule kama mtu anayefanya kazi yake. Baadaye nilibadili mawazo.

Nyumbani nilimsomea mama. Nilitaka kuruka mstari ule, nikaona nitakuwa kama wao, nikausoma. Alikuwa anapepeta mtama. Aliweka ungo chini. Hakulia. Alianza kutaja ng'ombe.

"Mweusi mwenye baka tumboni, na ndama wake. Wa kijivu aliyekatika mkia. Mwekundu wa pembe moja. Weupe watatu wa mama mmoja." Akaendelea hadi wa kumi na mmoja. "Aliyewaswaga mpaka kwa baba yangu ni nani? Ni huyohuyo! Alifika amechoka, nikampa maji mimi mwenyewe, nimefunika uso."

"Mama, maneno hayatoshi. Wanataka maandishi."

"Maandishi yapo," akasema mama. "Aliapa."

Nilikuwa na umri wa kama miaka kumi wakati wa kiapo anachokisema, uhuru bado mpya, mabaraza ya watemi yameanza tu kuitwa mahakama za mwanzo. Nakumbuka mama alirudi kwao na sisi tukabaki tukilishwa na shangazi. Walikuwa wamegombana, yeye na baba aliyekuwa likizo kutoka mgodini. Sababu ni yao. Nilichokuwa sikijui ni kwamba baba alimshitaki babu mzaa mama arudishe mahari, na shahidi wake alikuwa mdogo wake. Halafu siku moja asubuhi baba alikwenda kwa babu kwa baiskeli, akarudi na mama kwenye keria, na kesi ikaisha. Sisi tulifurahi tu kwamba ugali umekuwa ugali tena.

Nikarudi kwa yule karani mpole wa karibu na kwetu. Nikamwambia safari hii si mirathi, ni madai ya mahari, ya miaka ya mwanzo ya uhuru. Akakuna kichwa. "Hayo ya zamani yako stoo. Mchwa nao wako stoo." Nikaandika barua. Akaniambia nije Jumatatu. Jumatatu akasema Alhamisi. Sikumlaumu, alikuwa peke yake na hakimu mmoja kwa tarafa nzima. Alhamisi akanipa ufunguo, jambo ambalo nadhani si la sheria, akakaa mlangoni kunitazama.

Madaftari yalikuwa yamelundikwa sakafuni pamoja na mizani ya pamba iliyovunjika na baiskeli za ushahidi. Mengine ukiyashika yanabaki vumbi mkononi. Nilitafuta siku tatu, naenda naye anapofungua, natoka naye anapofunga. Nilijifunza kusoma mwandiko wa makarani watatu waliokwisha kufa. Siku ya tatu nikalikuta jina la baba, mdai, na la babu, mdaiwa. Mchwa walikuwa wamekula pembe ya juu ya ukurasa, maneno hawakuyagusa.

Nilimwita karani aje asome yeye, nisije nikawa naota. Akasoma kwa sauti. Shahidi wa kwanza wa mdai, mdogo wake wa kuzaliwa, ameapa, anasema: mimi ndiye niliyeswaga ng'ombe kumi na mmoja wa mahari ya shemeji yangu hadi kwa baba yake, na nawajua kwa rangi. Halafu rangi. Zile zile za mama, ila mmoja yeye alimwita wa majivu badala ya kijivu. Na mwisho wa ukurasa, mwandiko mwingine: mdai ameomba kuondoa shauri, amepatana na mkewe.

"Mkewe," karani akarudia. Akavua miwani. "Sasa kijana, hii nakuandikia na muhuri nakupigia. Leo hii."

Basi kwa baba mdogo ng'ombe wa mahari walikuwepo alipotaka warudi zizini kwao. Alipowataka wale wa kaka yake, wale wa mahari hawakuwahi kuwepo.

Nilikwenda Geita na nakala ile yenye muhuri nimeishona ndani ya koti. Hakimu alikuwa mwingine. Alinipa kiti. Alisoma nakala ya mahari, kisha karatasi zangu za dukani, kisha akasoma tena. Akasema, "Neno lako ni zito. Lakini shauri hili lilifungwa, msimamizi alishaleta taarifa kwamba amegawa mali. Mimi siwezi kulifungua. Nenda mahakama ya wilaya uombe walipitie. Utaambatanisha nakala ya jalada hili, yenye muhuri. Hiyo ya kwako haina." Akamwita karani alete jalada, anipigie muhuri tumalize.

Karani alikaa ndani muda mrefu. Alitoka mikono mitupu. "Halionekani, mheshimiwa."

"Limekwenda wapi?"

"Labda limeazimwa."

"Na nani?"

"Haikuandikwa."

Hakimu alimtazama, nami nilimtazama. Yule kijana alitazama dirishani. Aliyelinakili kwa mkono wake mwenyewe siku mbili! Nikamwonyesha mwandiko wake. Akasema unafanana na wake.

Tangu siku hiyo nimekwenda kule mara saba. Nimeandika barua tano. Nimekuwa fundi wa barua. Daftari la mirathi bado lina jina la baba kwa wino wa bluu, na mbele ya namba hiyo hakuna jalada. Bila jalada mahakama ya wilaya haipitii, na isipopitia, mstari ule unabaki ndio neno la serikali kuhusu sisi. Baba mdogo analala kwenye nyumba ya bati. Nilipompelekea nakala ya kiapo chake cha kwanza, mbele ya wanawe, hakuisoma. Alisema, "Mwanangu, mambo ya zamani yale, nani anakumbuka?" Nikamwambia hakuna anayehitaji kukumbuka, imeandikwa. Akaniambia nikirudi tena ataniitia mgambo.

Mimi nina miaka arobaini na kidogo, mbavu zangu hazikuunga sawa na siwezi tena kushika jembe siku nzima. Mama bado yu hai kwa kaka yake. Sidai ng'ombe, nadhani ng'ombe wamekwisha. Nadai jibu, na nadai kwa waliotajwa humu. Karani aseme alimpa nani jalada lile. Mwenyekiti aje aseme mbele ya kijiji baba yangu alifia wapi, na wao walimzika wapi. Na baba mdogo aliapa mara mbili, mara ya kwanza kwamba ng'ombe walitoka na mara ya pili kwamba hawakutoka, na mahakama za nchi hii zilimwamini mara zote mbili. Zimwite tena. Zimsimamishe, mama akiwa amekaa pale mbele, zimuulize ni kiapo kipi kilikuwa cha uongo, na zimwachie mdogo wangu nafasi ya kaburi kwa baba yake.